Maswali ya wasomaji: Wakalvini machoni pa Wakristo wenzao

Toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu suala la kuchaguliwa tangu asili, yaani fundisho kwamba Mungu tangu mwanzo ndiye anayewachagua watakaookoka, barua zikamiminika. Tumechagua tano. Tunaposema Wakalvini tunamaanisha Wakristo wa mkondo uliochongwa zaidi na John Calvin (1509–1564), Mfaransa aliyefanya kazi Geneva: Wapresbiteri, makanisa ya Kireformati, na sehemu ya Wabaptisti na Waanglikana. Wengi wao hawajiiti hivyo. Jina hilo walibandikwa na Walutheri katika karne ya 16, na Calvin mwenyewe hakulipenda.

*Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu ni Mpresbiteri. Shangazi yangu anasema watu hao wanaamini Mungu ameumba wengine kwa ajili ya moto. Ni kweli? Na ndoa yetu itakuwa na kizuizi?* — Binti wa Nakuru

Shangazi hakulitunga hilo. Calvin aliandika wazi kwamba Mungu amewaamuria wengine uzima na wengine hukumu, na akakiri kwa kalamu yake kuwa amri hiyo inatisha. Wapinzani wake wamelinukuu ungamo hilo kwa karne nne na nusu. Ambacho hawakitaji ni nafasi ya fundisho lenyewe. Kitabu chake kikuu, katika toleo la mwisho la 1559, kina sura 80. Uchaguzi wa Mungu umepewa sura nne. Sura ndefu kuliko zote ni ile inayotangulia hizo nne, nayo inahusu maombi.

Halafu kuna Sinodi ya Dort, iliyokaa Uholanzi kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619 ili kuwajibu wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanateolojia Mholanzi aliyepinga fundisho hilo la Calvin. Hoja tano za sinodi hiyo ndizo watu wengi huziita Ukalvini. Mwishoni mwa azimio lao wajumbe walikana jambo lile lile analolisema shangazi: kwamba Mungu, kwa kutaka tu na bila kuangalia dhambi yoyote, ameumba sehemu kubwa ya watu ili awaangamize. Walikana pia kwamba kukataliwa huzaa kutoamini kwa namna ile ile ambayo kuchaguliwa huzaa imani. Kwao, aliyeokoka ameokolewa na Mungu, na aliyepotea amepotezwa na dhambi yake. Unaweza kusema hesabu hiyo haijumliki, na wengi wamesema hivyo, lakini umlaumu mtu kwa alichokisema.

Kanisa lako linasimama mahali pengine. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulimlaani anayesema kwamba neema ya kuhesabiwa haki huwafikia tu walioandikiwa uzima na kwamba wengine wamepangiwa uovu. Katekisimu ya leo inasema Mungu hampangii mtu yeyote kwenda motoni. Hata hivyo Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alifundisha kuchaguliwa tangu asili. Mwishoni mwa karne ya 16 Wadominiko na Wajesuiti waligombania jambo hilo kwa miaka, Wajesuiti wakiwaita wenzao Wakalvini, mpaka Papa Paulo V alipoufunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa upande wowote ushindi. Kwa hiyo mchumba wako akisema "Mungu ndiye aliyenitafuta kwanza", hajasema neno geni masikioni mwa Kanisa lako.

Sasa ndoa. Muone paroko mapema, hata miezi sita kabla. Mahitaji ni haya: kibali cha askofu cha ndoa mseto, cheti chako cha ubatizo kilichotolewa karibuni (kwa kawaida kisizidi miezi sita), na cheti cha mwenzako. Ubatizo wake wa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu unatambuliwa, hatabatizwa tena. Ahadi ya kufanya kila uwezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki unaitoa wewe. Yeye hufahamishwa tu, hatii sahihi ahadi hiyo. Mkitaka kufungia ndoa kwa Wapresbiteri, inahitajika ruhusa ya ziada ya kutofuata utaratibu wa Kikatoliki. Hapo ndipo wengi hukwama. Huanza kwa mchungaji, kadi zikachapwa, ukumbi ukalipiwa, ndipo wanakumbuka paroko. Ndoa iliyofungwa bila ruhusa hiyo Kanisa lako halitaihesabu kuwa halali.

*Nimehamia Nairobi kikazi nikitokea Moshi. Mimi ni Mlutheri, nasali na Wapresbiteri. Nyumbani wananiambia nimejiunga na watu wa "mkate mtupu".* — Mhasibu

Wanayemsema ni Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, lakini wanampiga Calvin. Luther na Zwingli walikutana Marburg mwaka 1529, wakakubaliana hoja 14 kati ya 15. Iliyobaki, ya Meza ya Bwana, ndiyo iliyowatenganisha, kwa kuwa Zwingli aliiona zaidi kama ukumbusho. Calvin, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20, baadaye alishika njia yake: mwamini hulishwa kweli na mwili na damu ya Kristo, kwa nguvu ya Roho Mtakatifu, na kwa imani. Mlutheri anataka zaidi ya hapo. Kwake mwili na damu vipo ndani ya mkate na divai hata anayepokea akiwa hana imani. Ukitaka kujua kama Mpresbiteri na Mlutheri wanatofautiana kweli, usiwaulize kama Kristo yupo mezani, maana wote watajibu yupo. Waulize asiyeamini anapokea nini.

Uchungu ulikuwa mkali enzi hizo. Saxony, nchi ya Luther mwenyewe, iliwafunga watu mwaka 1574 kwa kushukiwa kuwa Wakalvini wa siri. Mwaka 1601 mjini Dresden alikatwa kichwa Nikolaus Krell, aliyekuwa waziri mkuu wa mtawala, kwa upanga uliochorwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "Jihadhari, Mkalvini". Leo hali ni nyingine. Tangu Mapatano ya Leuenberg ya 1973 makanisa mengi ya Kilutheri na Kireformati ya Ulaya hushiriki Meza na mimbari. Wapo Walutheri ambao bado hawakubali, kwa mfano sinodi ya Missouri huko Marekani.

Mambo mawili yatakushangaza huko uliko. Huenda Meza ikaandaliwa mara chache kwa mwaka. Calvin alitaka iwe kila wiki, baraza la mji wa Geneva likamkatalia na kuweka mara nne, na desturi hiyo ikasafiri na Waskoti. La pili ni hesabu ya amri. Kwa Walutheri na Wakatoliki, kuvunja amri ya sita ni kuzini, na Kiswahili cha mtaani kimelishika hivyo hivyo. Wakalvini huihesabu sanamu kuwa amri ya pili peke yake, kwa hiyo amri yao ya sita ni "Usiue". Ukimwambia mzee wa kanisa wa Kipresbiteri kwamba jirani amevunja amri ya sita, usishangae akiuliza maiti iko wapi.

*Sisi Waanglikana wa huku Muheza tumekua tukiambiwa kanisa la Kipresbiteri si kamili. Ni kwa sababu ya fundisho lao la kuchaguliwa?* — Mwalimu mstaafu

Hapana, Mwalimu. Kifungu cha 17 cha Vifungu 39 vya Kanisa la Uingereza chenyewe kinafundisha uchaguzi wa Mungu, tena kwa maneno matamu. Tatizo lilikuwa uaskofu, na kesi yake kubwa ilitokea hapa hapa Afrika Mashariki.

Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society), Wapresbiteri wa Skoti, Wamethodisti na Africa Inland Mission walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga shirikisho. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa uzushi na mfarakano. Hoja yake haikugusa kabisa nani amechaguliwa na nani ameachwa. Aliuliza: kanisa linaloongozwa na wazee, bila askofu aliyewekewa mikono katika mfululizo wa mitume, lina sakramenti kamili? Mpresbiteri hujibu kwamba katika Agano Jipya mzee na askofu ni cheo kimoja (Tito 1:5–7), na jina la kanisa lake linatokana na neno la Kigiriki la "mzee".

Muheza ilikuwa upande wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana ya Weston, ndiyo maana mlilelewa hivyo. Mwanglikana aliyekulia upande wa CMS huenda hakulisikia kamwe. Shirikisho lenyewe halikutimia, lakini misheni hizo ziliunda muungano mwaka 1918, na shule ya Alliance pale Kikuyu, iliyofunguliwa 1926, ni tunda lake.

*Mdogo wangu alikuwa nasi kanisa la Kipentekoste. Ameanza kusikiliza mahubiri ya Kikalvini mtandaoni na sasa hakuna kikao cha familia kisichoishia kwa ugomvi. Anasema sisi sote ni "Waarminio". Nifanyeje?* — Dada mkubwa, Mwanza

Hali hii inajulikana kiasi kwamba Wakalvini wenyewe hutaniana: aliyeingia mafundisho haya juzi angefaa kufungiwa kizimbani mwaka mmoja hivi, hadi apoe. Tabia hiyo ndiyo huwafanya Wakristo wengine wawaone wenye kiburi, kuliko hoja yoyote ya Dort. Inachekesha, maana fundisho linalosema huna ulichochangia katika wokovu wako lingepaswa kumshusha mtu.

Kubaliana naye jioni moja, dakika 45, sura moja. Ugomvi huwaka mnaporushiana mistari, yeye Yohana 6:44, wewe 1 Timotheo 2:4, yeye Waefeso 1, wewe Waebrania 6. Hakuna unaosomwa hadi mwisho. Mkichagua Warumi 9, someni mpaka mwisho wa 11, kwa sababu Paulo hakuishia kwa mfinyanzi na udongo. Kabla ya kujibizana, kila mmoja aeleze msimamo wa mwenzake mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Utaona ni zoezi gumu, na mara nyingi jioni ya kwanza huishia hapo.

Yapo mashtaka matatu usiyarushe, kwa sababu atayapangua na utapoteza muda. La kwanza, "ukiokoka, fanya utakalo". Wao hufundisha kudumu: mteule anaweza kuanguka vibaya kwa muda, ila Mungu humrudisha, na anayeishi dhambini bila kujali hana msingi wa kujiita mteule. La pili, kwamba ni kudra tupu. Atakufungulia Matendo 27: Mungu amemwahidi Paulo hakuna atakayepotea melini, lakini mabaharia wanapotaka kutoroka Paulo anasema wasipobaki, watu hawataokoka. Mwisho ulipangwa pamoja na njia yake. La tatu, kwamba hawahubiri Injili. William Carey, aliyesukuma kuanzishwa kwa umisionari wa Kibaptisti mwaka 1792, alikuwa Mkalvini.

Mbane penye uzito. Muulize kama kusema Kristo alikufa kwa nia ya kuwaokoa wateule tu kunaafikiana na 1 Yohana 2:2. Yeye atasema Dort yenyewe inakiri kifo hicho kinatosha dhambi za ulimwengu wote. Vizuri, sasa mna mazungumzo. Muulize pia kama kukoma kwa karama za Roho, kama kunena kwa lugha, ni sehemu ya hoja tano za Dort. Si sehemu yake. Wakalvini wengi wanaamini zimekoma, wengine hunena kwa lugha, na wote ni Wakalvini.

Akikutajia Michael Servetus kabla yako, mshukuru. Alichomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553 kwa kukana Utatu. Calvin alimshtaki, akaomba tu auawe kwa upanga badala ya moto. Wakatoliki wa Vienne, Ufaransa, walikuwa wamekwisha kumhukumu kifo. Mwaka 1903 wafuasi wa Calvin waliweka jiwe pale pale wakikiri kosa.

Na mwambie John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na mhubiri mwenzake George Whitefield waligombana hadharani kuhusu jambo hili hili kuanzia 1739. Whitefield, aliyekuwa Mkalvini, alipofariki mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumbukumbu yake London alikuwa Wesley.

*Jirani yangu Mkalvini amefiwa na kichanga. Naogopa kwenda msibani nikasema neno baya. Wanaamini nini kuhusu watoto wachanga?* — Mama, Eldoret

Nenda, Mama. Dort ilitenga kifungu kizima kwa ajili ya siku kama hiyo: wazazi wacha Mungu wasitilie shaka uchaguzi na wokovu wa watoto wao ambao Mungu amewaita wangali wachanga. Usiulize kama mtoto alibatizwa. Wao hawaufanyi wokovu wa mtoto utegemee maji, na swali hilo litasikika kama shtaka. Usiseme pia "Mungu alikuwa na mpango wake", hata kama unajua kuwa ndivyo wanavyoamini. Hilo waachie walitamke wenyewe wakiwa tayari. Sema pole, keti na wenzako, na kama kuna chai ya kupikwa, ingia jikoni.