Bakteria wako wakae tangini

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata, na mama yako anauliza kama unakula vizuri. Swali lako nimelala nalo siku tatu: kama wataalamu wanaweza kuwabadilisha bakteria vinasaba wakaanza kula sumu, kwa nini tusiwamwage mto Mirongo hapa Mwanza na Ziwa Victoria, wamalize oili chafu ya magereji na zebaki ya wachimba dhahabu? Tena unataka kuliandikia andiko lako la masta.

Mimi chuo sikukiona, ila miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka, na pale wafanyakazi hasa walikuwa bakteria. Mimi nilikuwa nafyeka majani tu. Bwawa la kwanza halina hewa, linanuka, uchafu unatulia chini na kuoza. La pili ni kijani: mchana mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kula kilichobaki. Hakuna aliyewanunua. Kuna usiku gari la kunyonya majitaka lilitumwagia oili chafu, bwawa likawa jeusi, na kijani chake kilichukua wiki kadhaa kurudi. Ndipo nilipoelewa kwamba hawa nao huzidiwa.

Oili inalika, hapo huna kosa. Ananda Chakrabarty, mzaliwa wa India, alikuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikusanya ndani ya bakteria mmoja uwezo wa kula mafuta uliokuwa umetawanyika kwa kadhaa. Wakabishania hataza (haki ya kumiliki ubunifu) mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1980 akashinda kwa kura 5 kwa 4. Lakini bakteria yule hakuwahi kutumwa baharini kusafisha mafuta yaliyomwagika. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipomwaga sehemu ya shehena yake Alaska mwaka 1989, upande wa bakteria walichofanya ni kunyunyizia mbolea ufukweni ili bakteria wenyeji wapate nguvu. Dawa hiyo usije ukaileta kwetu! Ziwa hili limeshashiba mbolea, ndiyo inayonenepesha gugu maji.

Bakteria aliyelelewa maabara ni kama kuku wa kisasa: umwachie ajitafutie uwanjani na wa kienyeji, mara nyingi hafiki mbali. Nisichokipenda zaidi ni kwamba bakteria huazimana vinasaba hata wasipokuwa ndugu. Ukishamwaga, huna wavu wa kuwarudishia. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, furu wengi, wale samaki wadogo wenyeji, wakapotea. (Sisemi sangara hana faida, ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mabondo, vile vibofu vyake vya hewa, aliyouza shangazi yako.) Wale mbawakavu walioletwa miaka ya 1990 kula gugu maji walifanya kazi nzuri, nao ni wageni vilevile. Ila wao walipimwa kwanza kama watagusa mimea mingine, na mbawakavu unamwona kwa macho.

Sasa zebaki. Hapa ndipo ulipoteleza, mama. Oili ikiliwa vizuri inabaki hewa ya ukaa na maji. Zebaki ni elementi. Itafunwe na nani, itabaki zebaki. Wapo bakteria wenye kinasaba cha kuibadilisha kutoka ile iliyoyeyuka majini kuwa zebaki ya metali, ile ya kung'aa, na wataalamu wamekihamishia kwa bakteria wengine. Lakini zebaki ya aina hiyo huruka kama mvuke. Umeitoa majini umeipa hewa, na mvua itakurudishia. Tena kule matopeni wapo bakteria wengine wanaoigeuza kuwa methilizebaki, ile sumu inayopanda kwa samaki mpaka kwenye sahani yetu.

Wajerumani walilifikiria hilo. Maji machafu ya viwanda vya klorini waliyapitisha kwenye tangi lililojaa mawe yenye vitundu, bakteria wakiwa wamejishikiza humo, na zebaki ikabaki imenaswa kwenye mawe. Bakteria wenyewe walikuwa wa kawaida, hawakubadilishwa chochote.

Kwa hiyo andiko liandike, lakini liwe la tangi linalowekwa pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao, kabla maji hayajafika ziwani. Na ukurasa wa kwanza useme hayo mawe yakijaa zebaki yatapelekwa wapi. Msimamizi wako asipokuuliza, mimi nitakuuliza.

Ukija Krismasi nitakupeleka bwawani, mlinzi wa sasa tunafahamiana. Njoo na viatu vya mpira.

Baba yako,
Igombe