Maswali ya Wasomaji: Plagi Inayochoma na Hesabu ya Omu

SWALI: Mimi hupika chapati za kuuza mtaani Umoja, Nairobi, kwa jiko la koili lililoandikwa wati 2000, volti 240. Jiko liko mbali na ukuta, kwa hiyo ninatumia ekstensheni ya mita 10. Chapati hukawia kuiva, na plagi ya ekstensheni huwa moto hata haishikiki, ingawa fyuzi yake ya ampea 13 haijawahi kukatika. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa stima, alinipimia jiko likiwa limewashwa. Kwenye tundu la pili la soketi ya ukutani alipata volti 238, mwisho wa ekstensheni volti 226, na mkondo ampea 7.8. Akasafiri kwenda kwao kabla hajanieleza maana ya nambari hizo. Je, ninunue jiko jipya?

JIBU: Jiko usinunue, ndugu msomaji. Jirani yako alikuachia nambari zote zinazohitajika kumpata mkosaji, na mkosaji si jiko.

Ukinzani wa kifaa, yaani jinsi kinavyouzuia umeme kupita, hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea, na jibu huwa katika omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeichapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Nguvu, yaani wati, hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kinachowapotosha watu ni kuchukua volti yoyote iliyo karibu. Volti inayotakiwa ni ile iliyopimwa baina ya ncha mbili za kitu kile kile unachokichunguza, si ile iliyoandikwa kwenye kibandiko wala ile ya ukutani.

Tuanze na jiko. Linapokea volti 226, kwa hiyo 226 ukigawanya kwa 7.8 unapata takriban omu 29. Jiko la wati 2000 kwa volti 240 linapaswa kuvuta ampea 8.33, na ukinzani wake uwe omu 28.8. Koili yako, basi, ni nzima kabisa. Lakini nguvu unayoipata ni 226 mara 7.8, yaani wati 1763 tu. Volti zimepungua kwa sehemu ndogo, ilhali wati zimepungua kwa karibu asilimia 12, kwa sababu volti inaposhuka mkondo nao hushuka pamoja nayo. Huko ndiko kukawia kwa chapati zako.

Sasa tazama zile volti 12 zilizopotea njiani kati ya 238 na 226. Zigawanye kwa ampea 7.8, nawe utapata omu 1.54. Zizidishe kwa ampea hizo hizo, utapata wati 94 zinazogeuka joto kabla umeme haujalifikia jiko. Ukipika kwa muda wa saa 4 kila siku, hizo ni uniti 11 hivi za tokeni kwa mwezi, zinazopasha moto kitu kisichopika chochote.

Je, ni waya wenyewe? Kwa sehemu tu. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyuzi za shaba zenye unene wa milimita za mraba 0.75, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita 10 za ekstensheni ni mita 20 za shaba, ambazo ukinzani wake ni kama omu 0.46. Ukichukua mkondo, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukauzidisha kwa omu hizo, unapata wati 28, na joto hilo limetandazwa urefu wote wa waya. Ikiwa waya wako ni wa namna hiyo, imebaki omu 1.08, na kwa kuwa mahali panapochoma ni plagi, sehemu kubwa ya omu hizo imo humo: skrubu iliyolegea, nyuzi zilizokatika, au soketi ambayo vibanio vyake vimechoka. Omu 1.08 kwa mkondo huo ni wati 66. Chuma cha kulehemu risasi cha mafundi wa redio mara nyingi ni cha wati 40 au 60, na wewe unacho kingine ndani ya plagi ya plastiki!

Fyuzi haina kosa. Kazi yake ni kukatika mkondo unapozidi, na ampea 7.8 ni chache kuliko 13. Haijui kama joto limekusanyika mahali padogo kama ukucha. Ndiyo maana nisingependa ulale ukidhani kwamba fyuzi inakulinda.

Acha kuitumia ekstensheni hiyo leo. Nunua yenye waya wa milimita za mraba 1.5, fupi kadiri inavyowezekana, na uikunjue yote unapopika, kwa kuwa waya uliozungushwa hulibana joto lake. Kisha jirani yako akirudi, apime tena kama alivyopima mwanzo. Ekstensheni nzima ya mita 10 za waya huo itapoteza volti 2 hivi. Akikuta bado volti 10 au 12 zinapotea, na plagi mpya nayo inachoma, basi ubovu umo katika soketi ya ukutani, na hapo mwambie mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli nchini, azime umeme kwenye swichi kuu na kuibadilisha soketi hiyo.