Dada unayemfuata mumeo New York
Dada, umeuliza utavumilia vipi saa 15 angani kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi ulioko Embakasi. Miguu ndiyo husumbua: chagua kiti cha kando ya njia, inuka mara kwa mara, kunywa maji. Cheti cha ndoa na karatasi za viza vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ubalozi ukikupa bahasha iliyofungwa, usiifungue kabisa. Ni ya afisa wa uhamiaji kule. Nyama usibebe, hata iliyokaushwa. Mimi nilipomfuata wangu nililia tangu Embakasi, na sikujutia. New York iko nyuma yetu saa 7 au 8, lakini ukitua mpigie mama saa yoyote. Hatalala kabla hajasikia sauti yako.