Kulinda Macho kwa Sahani: Niliyojifunza Nikiishi na Kisukari

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kisukari nilinunua miwani mara mbili, na mara zote mbili ilinifaa kwa wiki chache tu. Aliyenipima hakuniuliza habari za sukari, nami sikujua kwamba ilikuwa na uhusiano wowote na kuona. Kumbe sukari ya damu inapopanda, lenzi ya jicho huvuta maji na kuvimba kidogo, kisha hurudi taratibu katika umbo lake sukari inaposhuka. Ikiwa umegundulika hivi karibuni, au umebadilishiwa dawa, ngoja sukari itulie kwa wiki kadhaa kabla ya kutengeneza miwani.

Hilo la lenzi, hata hivyo, ni dogo na hupita. Hatari yenyewe imo kwenye retina, ile ngozi laini iliyo nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Baada ya kutiwa matone ya kupanua mboni, daktari alinionyesha picha ya retina yangu kwenye skrini: vidoto vyekundu mfano wa matundu ya sindano, na pembeni yake chembe za manjano, ambazo ni mabaki ya mafuta yaliyovuja kutoka kwenye mishipa. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimesoma mstari wa mwisho wa ubao wa herufi bila kukosea. Sikuwa na maumivu, wala ukungu, wala dalili nyingine yoyote.

Nilipouliza kilichosababisha hayo, nilisikia kwa mara ya kwanza neno mcharuko, yaani hali ya kinga ya mwili kuchachamaa na kubaki hivyo kwa muda mrefu pasipo kidonda wala vijidudu vya kupigana navyo. Sukari inapozidi kwa miaka, hujibandika kwenye protini za mwili na kuamsha kinga hiyo. Chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta za kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingine huziba njia, na sehemu za retina hukosa oksijeni. Retina iliyokosa oksijeni hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo hufanya mishipa ivuje na kuchipusha mingine mipya, dhaifu, inayopasuka kwa urahisi. Ndiyo maana wagonjwa wengi wenye uvimbe katikati ya retina huchomwa sindano za kuzuia VEGF, na baadhi yao hupewa steroidi, dawa ambazo kazi yake hasa ni kutuliza mcharuko.

Chakula huingia hapa kwa njia mbili: hupunguza sukari inayouwasha moto huo, na hupunguza kuni zake nyingine, hasa presha na mafuta mabaya ya damu. Mimi nilianza na vinywaji vitamu, pamoja na juisi za matunda, na sijaona badiliko jingine lililoshusha vipimo vyangu haraka kiasi hicho. Nusu ya sahani sasa ni mboga za majani, robo ni nafaka isiyokobolewa, na robo iliyobaki ni maharage, dengu au samaki. Chumvi nimeipunguza kwa ajili ya presha, ambayo huiumiza mishipa ya retina sawa na sukari.

Kuhusu samaki nina neno la ziada, kwa sababu watu wengi hukimbilia vidonge. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba wazee wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakipata angalau miligramu 500 za omega-3, aina ya mafuta yapatikanayo kwenye samaki, kwa siku katika chakula chao walikuwa na hatari ndogo zaidi ya madhara makubwa ya retina. Lakini jaribio la Uingereza liitwalo ASCEND, lililohusisha watu 15,480 wenye kisukari, halikuona macho yakilindwa na vidonge vya mafuta ya samaki. Fedha ya vidonge mimi huitumia kununua samaki wenye mafuta, mara mbili kwa wiki.

Nakuomba pia usishushe sukari kwa pupa. Iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidi kuharibika kwa muda, ingawa faida ya baadaye ni kubwa: utafiti wa DCCT wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba udhibiti makini ulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya ugonjwa wa retina kuanza kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa hiyo mweleze daktari wa macho kabla ya kuanza insulini au mlo mkali. Mwenye aina ya pili achunguzwe retina mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka au kadiri atakavyoelekezwa. Na siku hiyo aende na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa maana matone yale huacha macho yakiumizwa na mwanga kwa saa kadhaa.