Daktari wa upasuaji jeshini, usiuache ujuzi wako ulale wakati wa amani

Daktari kijana unayeingia jeshini, usitegemee hospitali ya kambi pekee ikutunzie ujuzi. Wakati wa amani wagonjwa wake wengi ni askari wenye afya nzuri na familia zao. Utarekebisha ngiri, utatoa vidole tumbo na vibofu vya nyongo, na mwisho wa mwaka daftari lako litaonekana limejaa. Siku ukiletewa askari aliyepasuka ateri ya nyonga kwa mlipuko, ngiri zote hizo hazitakusaidia.

Alasdair Walker, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini la Uingereza, alieleza jinsi ujuzi unavyoporomoka baina ya vita na vita. Wanaoumia kwa hilo ni majeruhi wa mwanzo wa vita vinavyofuata. Wamarekani nao walichunguza vifo vya askari wao vitani kati ya 2001 na 2011. Miongoni mwa waliokufa kabla ya kufikishwa hospitalini, takriban robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na karibu 90% ya hao waliuawa na kutokwa damu. Sehemu kubwa ya damu hiyo ilitoka kifuani na tumboni, mahali ambapo mkanda wa kubana haufungiki. Kwa hiyo kufungua kifua upesi, kubana aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, kujaza vitambaa kuzunguka ini na kuweka mrija wa muda kwenye ateri ndiyo mambo ya kuyalinda kwanza.

Kozi za kupasua miili ya mafunzo nazipenda, maana zinakukumbusha njia ya kuufikia mshipa. Ila maiti haitoki damu, wala shinikizo lake la damu halishuki ukiwa unatafakari. Mimi kilichonishikilia ni zamu katika hospitali ya kiraia inayopokea majeruhi wa risasi, visu na ajali za barabarani. Jeshi la nchi kavu la Marekani hupeleka timu zake za upasuaji kwenye kituo cha majeruhi cha Ryder, Miami, kwa sababu hiyo hiyo, na madaktari wa majeshi mbalimbali wamejifunza katika hospitali ya Baragwanath, Soweto, Afrika Kusini. Makubaliano kati ya jeshi na hospitali hiyo ya kiraia yawe ya maandishi, la sivyo kila kamanda mpya atakurudisha kwenye mikutano.

Usiende peke yako. Mtaalamu wa usingizi na muuguzi wa chumba cha upasuaji nao husahau, na timu ambayo haijawahi kufanya kazi pamoja hupoteza dakika kwa kuulizana vifaa viko wapi.

Na wewe kamanda, nakusihi, usiridhike na jumla ya upasuaji uliofanywa. Uliza ni vifua vingapi, mishipa mingapi, matumbo mangapi yaliyojaa damu, na lini mara ya mwisho. Daktari ambaye safu hizo ziko tupu apelekwe kwenye majeruhi kabla hajapangiwa safari ya vitani. Akifika kwenye hospitali hiyo ya majeruhi, apewe zamu za usiku na za mwisho wa wiki, kwa kuwa ndipo majeruhi wengi huletwa.