Kabla hujapeleka mwani wako kwenye hadubini ya chuo

Jamani wadogo zangu mnaoanza utafiti mnaniuliza sana habari za hadubini ya chuo, hii ya kuchangia watu wa idara zote, na mie kila mmoja namjibu peke yake WhatsApp mpaka vidole vinauma. Leo naandika hapa mara moja.

Mie nilianza vibaya. Nilikuwa nashughulika na maradhi ya mwani, ule weupe unaoingia kwenye tawi halafu linakatika, wakulima wa Paje na Jambiani wanaujua kuliko mie niliousoma. Nikenda pwani siku za bamvua, nikachukua sampuli, nikazitia formalini, nikazipaka rangi nyekundu ya kung'aa niliyoiona kwenye pepa za watu ili nione bakteria, slaidi arubaini na kitu, wiki tatu nzima. Ndo nikenda kubuku saa. Yule mama anaeangalia mashine akaweka slaidi ya mwanzo, pote pekundu, bakteria hata wa dawa. Akaniuliza, "Mwanangu, na ule usiotia rangi uko wapi?" Sikuwa nao. Akanambia kalete mwani mtupu bila ya kitu. Nikaleta, ukawaka vile vile!

Kumbe mwani mwenyewe unang'aa. Klorofili ukiipiga mwanga inakurejeshea wekundu, na hizi spinosamu na kotonii zetu, hata ukiziona za kijani au kahawia, ni kundi la mwani mwekundu, zina faikoerithrini, rangi yao ya asili, inayong'aa rangi ya chungwa. Rangi yangu ilikuwa kibatari kilichowashwa mchana wa jua kali. Tukahamia DAPI, rangi nyengine inayoshika DNA na kung'aa buluu, na filta yake haipitishi ule wekundu, bakteria hao hapo. Mazungumzo ya dakika kumi kabla ya kwenda pwani yangeniokolea wiki tatu.

Kwa hiyo kaonane na fundi, yule mama wa mashine, mikono mitupu, sampuli bado ipo baharini. Mwambie unataka kuona kitu gani na kina ukubwa gani. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya kama nanomita 200, Ernst Abbe alishalieleza hili tangu 1873, sasa ukitaka umbo la kirusi usisumbue watu hapo, hiyo ni kazi ya hadubini ya elektroni na sampuli yake inatayarishwa vyengine kabisa. Muulize na kioo cha kufunikia, lenzi nyingi zimetengenezwa kwa unene wa milimita 0.17, yaani namba 1.5, vile vya rahisi unavyookota popote picha inatoka na ukungu halafu unasingizia mashine.

Kubuku nako kuna adabu yake. Bamvua haikungoji, basi mie natazama maji kwanza halafu nashika siku inayofata. Ukijua huji, futa. Tuna mwenzetu wa Pemba anafanya minyoo kwa Kato-Katz, njia ya kutafuta mayai kwenye kinyesi kilichotiwa gliserini, kwenye hadubini ya kawaida, na mayai ya safura kwenye slaidi zile hayakai, gliserini inayafanya kioo, baada ya saa moja hivi huyaoni tena. Siku moja nimejisahau nimekalia muda wake dakika arubaini nzima, slaidi zikamharibikia, akaninunia wiki na haki yake.

Taa ya zebaki, ile inayozipiga mwanga rangi zetu zing'ae, ndo inayogombanisha watu zaidi. Maisha yake ni kama saa 200 tu, na kila ukiiwasha na kuizima unayapunguza, ukishaiwasha iache japo nusu saa na ukiizima ingoje ipoe nusu saa nyengine ndo uiwashe. Sasa kabla ya kuzima fungua daftari la kubuku, kama kuna mtu anakuja baada yako muda si mrefu mwachie inawaka, andika na saa ulizotumia, kweli si za kukisia. (Zenye LED hazina tabu hii, lakini tunatumia tulichonacho.) Umeme ukikatika ile UPS, betri ya akiba, inakupa dakika chache tu za kusevu picha, usizitumie kumpigia mtu simu.

Mafuta ya kutia baina ya slaidi na lenzi ni ya lenzi ya kukuza mara 100 peke yake. Ukishatia mafuta usirudi kwenye 40 kavu, ukirudi umeichafua na anaekuja nyuma yako atashinda anajiuliza macho yake yana nini. Na nimemuona mtu kwa macho yangu anafuta lenzi kwa ncha ya mtandio, wallahi. Karatasi ya lenzi ipo, tumia. AC msizime ati baridi, ile haikuwekwa kwa ajili yenu, masika lenzi zinaota kuvu na kuvu inakula kioo, chukueni sweta.

Picha ondoka nazo siku hiyo hiyo, faili la asili lenye vipimo vyake, sio ulichopiga kwa simu kwenye skrini. Kuzichambua kuna Fiji, programu ya kompyuta, ya bure.

Na fundi muandike kwenye shukrani za pepa. Mie ya kwanza nilimsahau, nikamwendea na haluwa ya Wete kumuomba radhi. Haluwa akaipokea, akafungua akaonja, akanambia hii ya pepa ya kwanza imeshapita mwanangu, anaingoja ya pili.