Kabla ya jina la ndege: kwa mnaoanza kuongoza wageni Arabuko-Sokoke

Wadogo zangu, majina ya ndege mtayamudu, maana yamo vitabuni na kwenye simu. Kutulia hadi msitu uanze kuwafikia ndiko kugumu, na huko hakuna wa kukusomea.

Anzeni na miguu. Arabuko-Sokoke, msitu wetu wa pwani ya Kenya, ina takriban kilomita za mraba 420, lakini si msitu wa namna moja. Mkikanyaga mchanga mweupe, mko kwenye miti ya mirihi: imeachana na mwanga unafika chini. Udongo ukigeuka mwekundu, mmeingia vichaka vya miti iitwayo Cynometra vilivyosongamana, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke. Zoeeni kutambua udongo ulipobadilika kabla ya kuinua macho.

Kisha ketini, baada ya kukagua kama pana siafu. Pumueni taratibu. Msitu umenyamaza kwa sababu umewasikia mkija, na utachukua muda kurudi katika hali yake. Msitaje kitu. Sikilizeni nyenje, halafu tafuteni sauti zilizo nyuma ya nyenje. Kingeni viganja nyuma ya masikio, na sauti hafifu ya mbele itasikika wazi zaidi.

Masikio hayo ndiyo yatakayowapa sange, mnyama mdogo mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Wengi humtafuta kwa macho wakamkosa. Yeye hula mchana, akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu kutafuta wadudu: mchakacho mfupi, kimya, mchakacho tena. Akishtuka huyapiga majani kwa mkia, akatimka, na mtakachoona ni kile kiuno cha njano kikipotea. Kwa hiyo ukisikia mkia umeshachelewa. Jifunzeni sauti ya kupekua.

Macho nayo msiyakodoe. Yalegezeni yachukue upana wote, na tawi likitikisika pembeni mtaliona. Alfajiri, kitu kilicho gizani huonekana vizuri zaidi ukikitazama kando kidogo, kwani katikati ya jicho ni dhaifu penye mwanga mdogo.

Pua msiidharau hata kidogo, kwa kuwa tembo wamo. Mkinusa kinyesi kibichi au majani yaliyovunjwa sasa hivi, simameni, sikilizeni, rudini mlikotoka. Ndiyo maana simruhusu mwanafunzi kufumba macho akiwa peke yake humu, hata akiwa amezoea.

Mgeni akiuliza ni ndege gani, mwulizeni kwanza sauti inatoka juu au chini, karibu au mbali. Mwenye haraka ya kujaza orodha yake mpeni jina, amelipia safari. Ila watoto wa shule za Gede na Watamu wapeni muda zaidi. Wao ni majirani wa msitu huu, na wengi wanaujua kwa habari za tembo walioingia shambani. Waacheni wakae, wanuse udongo, washike gome la mbambakofi, hata kama siku hiyo hamtafika mwisho wa njia.